Ua Tuliloachiwa Kama Ng'ombe

Kwetu ng'ombe wa amana akifia mikononi mwako, humpelekei mwenyewe maneno matupu. Unampelekea ngozi. Hata kama kwake ni safari ya kutwa, unaikunja ngozi, unaifunga kamba, unaibeba kichwani. Mwenye ng'ombe anaikunjua chini, anaangalia alama yake, anatafuta tundu la mkuki. Halafu anauliza swali moja tu: hamkumla? Nawe unajibu. Nilipokuwa mdogo nilimfuata baba yangu akiwa amebeba ngozi namna hiyo, na inzi walitufuata wote wawili njia nzima.

Nimeanza na ngozi, lakini habari yangu ni ya ua. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la nne, na sijui njia nyingine ya kulieleza ua hili ila kwa ng'ombe, kwa sababu ndivyo lilivyokuja nyumbani kwangu na ndivyo tulivyoliharibu.

Binti yangu anayekaa Kasulu anasema mjini linaitwa okidi. Anasema okidi nyingi huota juu ya miti, na hii yetu ni ya ardhini. Sisi hatukuwa na haja ya kulipa jina. Lilikuwa la porini, haliliwi, halijengi, halitibu. Majani yakishaungua na mvua ya kwanza ikapiga, kinachomoza kijiti chekundu kwenye majivu, kimesimama peke yake bila jani hata moja. Kinafika gotini. Halafu maua yanafunguka kuanzia chini kwenda juu, rangi yake ni ya zambarau iliyopauka kama kanga iliyofuliwa sana, na kila ua limetoa ulimi nje. Majani yake huja baadaye. Kiangazi kikirudi majani yanakauka, na hapo ukipita huwezi kujua kama pana kitu.

Aliyetuachia ni mwanamke wa kambini Mtendeli, mkimbizi kutoka Burundi.

Alikuja shambani kwangu wakati kambi imejaa, na jembe begani na mtoto mgongoni, akanisalimu kwa Kirundi. Kirundi na Kiha ni mtu na ndugu yake, tulielewana bila shida. Aliomba kulima maharage. Nikamwambia sina cha kumlipa ila ndizi. Akasema ndizi ndizo anazotaka, kambini wamechoshwa na dengu za njano. Nikasimama kumwangalia anavyolima, maana sipendi kazi ya kulamba juu juu.

"Jembe lako haliingii," nikamwambia.

"Mukecuru," akasema, ndivyo wanavyomwita bibi kwa heshima, "ardhi yako ngumu kama mwenyewe."

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kichuguu, akacheka mpaka akakohoa. Kuanzia siku hiyo yule mwanamke alikuwa mtu wetu. Alikuja alipoweza, maana kutoka kambini hakukuwa kila mara kunaruhusiwa. Mume wake alibaki upande wa pili, amekufa au yu hai hakuwahi kunieleza vizuri, na mimi sikumchimba. Mtoto wake wa kike alianza kutembea uani kwangu. Alikuwa mtoto wa kufukuza kuku. Niligomba naye sana kwa ajili ya kuku wangu, naye akawa ananikimbilia miguuni ninapogomba, kana kwamba ninayemgombeza ni mwingine.

Mtoto yule alikufa masika, kwa homa. Alizikwa makaburi ya kambi, mwisho kabisa, mahali mteremko unapoanza kuingia kwenye mbuga ya majani marefu.

Sasa sikilizeni. Kwetu na kwao, mtu mwenye mji wake, yaani nyumba na watoto, akifa tunampandia mti wa mvumu. Unakua, unakuwa mkubwa, hata wajukuu wa wajukuu wakipita wanajua hapa palikuwa na mtu. Mtoto hapandiwi. Mti wa nini, na yeye hakuwa na mji? Anawekewa msalaba wa vijiti, mchwa wanaula, imekwisha. Ndivyo ilivyo, na mimi mwenyewe nina wangu wawili ambao siwezi kukuonyesha walipo.

Kiangazi moto ukapita kwenye ile mbuga kama unavyopita kila mwaka. Mvua ya kwanza ilipopiga, yule mwanamke akaja kwangu mikono mitupu, hana jembe. Nilidhani amepata habari mbaya nyingine.

"Mukecuru, mtoto wangu amepandiwa."

"Na nani?"

"Sijui. Twende ukaone."

Nilikwenda. Msalaba ulikwisha kuungua. Katikati ya kaburi, palepale udongo ulipochimbuliwa, vilisimama vile vijiti vyekundu na maua yake. Makaburi mengine hayakuwa na kitu, majivu matupu. Mimi ni mtu wa kanisani na sipendi kuona ishara kila mahali, najua kwamba mzizi ulikuwa humo tangu zamani na jembe liliuamsha. Lakini yeye ndivyo alivyolijua kaburi la mtoto wake tangu siku hiyo, na kila mvua za kwanza alikwenda kuliona.

Kisha ikaja habari ya kufunga kambi. Wengine walihamishiwa kambi ya upande wa Kibondo, wengine walirudi kwao. Yeye aliandikwa wa kurudi. Ilikuwa kiangazi. Alikuja asubuhi na kiroba kitupu, akaniambia tukachimbe.

"Ulihamishe kutoka kaburini?" nikamuuliza.

"Mtoto simhamishi. Yeye atakaa. Lakini hapa watu wakiondoka patakuwa pori au shamba, sitapajua tena. Nikiwa na hili, nina kitu chake."

"Basi lipeleke kwenu."

"Kwetu wapi, Mukecuru? Ninakokwenda sina hata pa kuteleka sufuria. Shamba wanakaa wengine. Nitalipanda kichwani? Nitunzie. Nikipata mahali pangu nitakuja kulichukua."

Tulichimba kwa mikono, juu juu tu, tusiguse chini. Viazi vyake vimeshikana vimeshikana kama tangawizi, kimoja kinamsukuma mwenzake, na kila mwaka kinaongezeka kimoja mbele. Alivitia kwenye kiroba pamoja na udongo wake wa mchanga na vikokoto. Alisisitiza udongo. Alisema kitu hiki hakiishi bila udongo kiliozaliwa nao, mama yake alikuwa akijaribu kwao na havikuwahi kuota kwenye udongo mgeni mtupu. Halafu akanipa masharti, anahesabu kwa vidole akiwa amechuchumaa.

"Lipande mahali pabaya. Pa mchanga, pasipo na mbolea, juani. Usilipe samadi. Kiangazi usilipe maji, linalala, liache lilale. Majani yaliyo juu yake yakauke na yaungue, majivu yanaliamsha. Ni hivyo tu. Usilibembeleze."

Siku waliyoondoka nilikwenda kuwaaga njiani. Alikuwa juu ya gari na mizigo, ameshika fremu ya dirisha aliyoing'oa kwenye kibanda chake. Hakulia. Alinyoosha kidole kuelekea kwangu, kama mtu anayekukumbusha, na mimi nikanyanyua mkono.

Nilipofika nyumbani na kile kiroba, mume wangu alichungulia ndani.

"Hii ndiyo ng'ombe?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona haina pembe?"

Lakini utani ulikwisha hapo. Mume wangu alikuwa mtu wa heshima ya zamani. Katika ujana wake alilisha ng'ombe wa amana, akarudisha mama na ndama, na mpaka uzee wake watu walilitaja hilo wanapomsifu. Sisi wenyewe tulikuwa tumeuza ng'ombe wetu wa mwisho tulipougua. Kwa hiyo kitu cha amana kilipoingia tena uani kwake, alichukua jembe akaenda mlangoni kabisa, kwenye mgomba bora, mahali tunapomwaga majivu ya jikoni na samadi ya mbuzi, akaanza kuchimba.

"Mzee, alisema mahali pabaya."

Akaegemea mpini wa jembe.

"Mke wangu, mgeni akikwambia nipeni chochote, unampa chochote?"

Akapiga jembe mara moja, akaegemea tena.

"Mtu akikuletea ng'ombe wake anasemaje? Anasema mpe majani tu, alale popote. Ni adabu. Ukimpa majani tu na ukamlaza popote, utamtazama usoni siku anapokuja?"

Niliona ana haki. Nawaambia ukweli, niliona ana haki, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa. Yule mwanamke alikuwa mtu wa adabu, na mtu wa adabu hujishusha anapoomba. Mimi mwenyewe nimewaambia watu mara ngapi kwamba maji yanatosha, huku nikitazamia chai. Nani angeamini kwamba safari hii maneno yalikuwa na maana ileile yaliyosemwa?

Akavipanda viazi kwenye samadi. Udongo uliobaki kwenye kiroba nikaenda kuukung'uta mbali, nyuma kabisa ya shamba, kwenye shimo tulikochimbua udongo wa kufyatulia matofali. Pale hapaoti kitu. Hata mihogo ilikataa.

Mvua zikaja. Ua halikutoka. Yalitoka majani, na majani yenyewe nisiwafiche yalikuwa ya kupendeza macho, mapana, meusi kwa ukijani, yananing'inia kama ya muhindi. Mume wangu akawa anawaita wapita njia.

"Njooni muone ng'ombe wa Mrundi alivyonona."

Yule mwanamke akapiga simu. Alikuwa anapanda kilima kimoja huko kwao ambako laini ya Tanzania bado inashika, upepo unasikika kuliko yeye.

"Mukecuru, limetoa ua?"

"Majani tu. Lakini mengi."

Upepo ukapungua, kama aliyekinga simu kwa kiganja.

"Mengi namna gani?"

"Mengi sana."

"Mmelipa nini?"

Nikampa mume wangu simu, maana maswali hayo yalikuwa yake. Akaishika mbali na sikio kama kawaida yake, nikasikia yote.

"Halina shida, mwanangu. Limenenepa."

"Baba, nilisema mahali pabaya."

"Tulikusikia. Lakini wewe ni mtu wetu."

Nilisikia anacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha, cha mtu asiyeweza kumgombeza mzee. Kisha akasema, "Basi kiangazi liacheni lilale, Baba. Hata likikauka. Hasa likikauka. Liacheni kabisa."

"Tutaliacha," akasema mume wangu.

Kiangazi hicho binti yangu wa Kasulu alijifungua, na kwetu mama ndiye anayekwenda kumlea mzazi. Nilikwenda. Nilidhani nitakaa kidogo, lakini mtoto alikuwa dhaifu na mama yake alipata homa, nikakaa mpaka vumbi la Kasulu likanizoea. Mume wangu nilimwacha peke yake. Mwanangu wa kiume na mke wake walikuwa bado wanakaa Kibondo mjini, hawajahamia nyumbani. Jirani alimpikia.

Alikuwa ananipigia jioni.

"Majani yamekuwa ya njano."

"Ndivyo alivyosema. Liache."

"Sasa yameanguka."

"Liache, mzee."

"Nalihurumia. Lina kiu."

"Halina kiu, limelala. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nilirudi nchi yote imekauka, kila kitu rangi ya kiatu cha zamani. Nikafika mlangoni, chini ya mgomba nikakuta ardhi nyeusi, imelowa, na juu yake ukungu wa kijani kama kwenye mtungi wa zamani. Sikusalimia. Nililaza mzigo chini nikapiga magoti nikaingiza vidole. Vilitoka na uji. Nilifukua vyote, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa ngozi kwa nje na ndani maji yanayonuka. Kimoja kilikuwa na macho mawili ya kuchipua, na hayo nayo yalikuwa laini.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ulilimwagilia."

"Kidogo."

"Kidogo kipi?"

"Jioni."

"Kila jioni?"

Alikwenda akakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Nikaona kopo la maji liko palepale chini ya kigoda, kumbe alikuwa halifichi hata kidogo.

"Nilikuwa peke yangu," akasema. "Wewe hupo. Zizi la ng'ombe tupu. Nikae hapa nikiangalia kitu cha watu kinakufa kiu mlangoni kwangu?"

Nina ulimi mkali, kila mtu kijijini anajua. Siku hiyo haukutoka. Nilichukua ungo, nikaosha zile ngozi za viazi, nikazianika.

Jioni akaniona nazigeuza.

"Unafanya nini?"

"Ngozi."

"Usimwambie," akasema. "Mwambie limelala. Si uongo. Lenyewe si hulala?"

"Linalolala huamka. Mvua zikija atauliza."

"Mvua zikija tutaona."

"Mzee. Baba yangu alibeba ngozi kichwani kutwa nzima. Wewe mwenyewe ungebeba."

"Ile ilikuwa ng'ombe," akasema taratibu. "Ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe. Huyu tutamlipa na nini?"

Nikaendelea kuzigeuza ngozi.

Yule mwanamke alipopiga simu, mume wangu alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda. Sikutoka nje kwenda kuzungumzia mbali. Hata salamu zilipokwisha, nilikwenda moja kwa moja, sipendi maneno ya kuzunguka.

"Mwanangu, ng'ombe wako amekufa. Ngozi ninayo."

Upepo ukavuma huko kwao. Nilidhani laini imekatika.

"Amekufa kwa nini?"

"Kwa shibe. Na maji."

"Nani alimlisha?"

Mume wangu alininyanyulia macho.

"Sisi," nikasema.

Nilisikia pumzi zake, alikuwa bado anahema kwa kile kilima. Halafu akauliza lile swali, kwa Kirundi, kama wazee wanavyouliza.

"Hamkumla?"

"Hatukumla."

"Haya," akasema. "Iwekeni hiyo ngozi."

Simu ikakatika. Hakupiga tena.

Mume wangu alihamisha kigoda chake akakiweka nyuma ya nyumba, upande wa jiko, ambako hapaonekani mgomba. Tulikula tukiwa tumegeukia ukuta. Masika aliugua, presha, miguu ikavimba. Usiku na mchana aliuliza kitu kimoja, "Amepiga?" Nikamjibu hajapiga. Siku moja nilitaka kumdanganya, nikafungua kinywa, lakini uso wake ulikuwa umeshaelewa kabla sijasema. Alikufa mvua zikiwa zinaelekea ukingoni. Tumempandia mvumu. Umeshika.

Mwanangu na mke wake wakahamia nyumbani ili nisikae peke yangu. Mkamwana wangu ni mtoto wa mjini, ana maneno mengi, lakini ana mikono ya kazi na simsemi vibaya. Kiangazi kilichofuata moto wa majirani uliruka mpaka ukaingia nyuma ya shamba letu, ukaunguza majani yote kwenye lile shimo la matofali, ambalo sasa ndilo jalala letu. Nilimgombeza jirani. Mvua ya kwanza ikapiga. Asubuhi mkamwana akarudi kutoka kutupa takataka.

"Mama, kule jalalani kuna kitu kimeota kibaya kizuri."

"Kibaya au kizuri?"

"Njoo uone mwenyewe. Kinatoa ulimi."

Nilikwenda na kanga moja, bila viatu. Kilikuwa kijiti kimoja, chekundu, kimetoka kwenye majivu na vikokoto, na maua mawili ya chini yameshafunguka. Nilipokung'uta kile kiroba lazima kipande kilikuwemo, kidogo kama jino. Kilianguka mahali pabaya. Hakuna aliyekilisha, hakuna aliyekinywesha, hakuna aliyekikumbuka. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Niliyemfikiria ni mume wangu, kwamba alikufa akiwa amegeukia ukuta, na huku nyuma kitu kilikuwa hai muda wote chini ya takataka zetu.

"Mama, tukihamishie mlangoni," mkamwana akasema. "Huku kinaonewa."

Nilimwangalia kwa namna ambayo hakurudia.

Nilipiga ile namba. Mwanamke wa kwenye simu akasema haipatikani. Nilipiga kesho yake, nikapiga mpaka maua yakapukutika. Tangu hapo, kila kikichanua napiga. Huwa nakwenda kusimama pale shimoni ndipo nibonyeze, sijui kwa nini, labda nataka nikiulizwa limetoa ua nijibu nikiwa naliangalia.

Masharti yake sasa ninayafuata neno kwa neno, kama sala, na nikiongeza langu ni dogo. Tumeacha kutupa takataka pale. Nimezungushia mawe ili mbuzi na jembe la mwanangu vijue mpaka. Mvua zikinyesha nang'oa tu majani yanayolisonga, kwa mkono. Mvua zikikata sisogei hata na kikombe. Majani makavu siyafyeki, nayaacha mpaka siku ya upepo mdogo, nayatia moto wa haraka wa kupita juu, usiokaa. Mbegu zake ni vumbi, nilizipanda kwenye kopo hazikuota hata moja, kwa hiyo usipoteze muda. Ukitaka kulizidisha, subiri likiwa limelala na viazi vimekuwa vingi, kata mnyororo wake viwili viwili au vitatu vitatu visiachane, paka majivu kwenye kidonda, acha kikauke kivulini, kisha pandia udongo uleule wa mama yake. Kimoja peke yake hufa.

Vilipokuwa vya kutosha nilikata. Ng'ombe wa amana akizaa, ndama hurudishwa. Kuna mwanamke wa kanisani kwetu mwenye ndugu ng'ambo, upande wa kupitia mpaka wa Kumsenga, akasema anakwenda mazishini na atapita karibu na kile kilima. Nilimfungia viazi na udongo wake kwenye kitambaa, nikamweleza yote, mpaka sura ya yule mwanamke, pengo lake la jino la mbele, anavyosimama na mkono kiunoni. Nilimwambia aseme, "Ndama wako huyu. Mzee amefariki." Nilimfundisha kusema hivyo mpaka akanikasirikia.

Alirudi, akanikuta napepeta maharage. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Nikaendelea kupepeta.

"Nilifika," akasema. "Wanamkumbuka. Ile fremu ya dirisha iko palepale ukutani. Lakini mlango umefungwa kwa nje. Wanasema alikwenda kutafuta kazi, wengine wanasema alivuka tena."

"Alivuka kuja wapi?"

"Hakuna anayejua, dada."

"Ulingoja?"

"Nilingoja. Nikamwachia jirani ujumbe. Kitambaa sikukiacha, uliniambia nisimpe mtu mwingine."

Nilimwambia amefanya vizuri. Nilimpa maharage. Akaenda zake, na mimi nikalichukua lile furushi mpaka nyuma ya shamba, nikalizika karibu na mwenzake, nikashindilia kwa kiganja.

Basi ndivyo lilivyo. Ngozi ninayo, iko kwenye kitambaa chake darini pamoja na mahindi ya mbegu, moshi umeikausha imekuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Ndama yuko shimoni. Mimi miguu inaanza kuvimba kama ya mume wangu, na sitaki kujidanganya. Nimemfundisha mkamwana hivi: Akija mwanamke mwenye pengo, umpe vyote viwili, ngozi kwanza, ndama baadaye. Akiuliza kama tulimla, mjibu hatukumla.

Mkamwana alisikiliza vizuri siku hiyo, hakutania.

"Lakini mama," akasema, "akija kiangazi nimwonyeshe nini? Hapaonekani kitu."

"Mwonyeshe mahali," nikamwambia.